Nyumba Isiyokosa Kitu

Kule Riruta nilikokulia, hakuna mtu wa ushirika wetu aliyewahi kusema kwamba amemletea mwenzake kitu. Alisema ana kiu.

Nieleze vizuri, maana nikisimulia jambo hili ofisini watu wananitazama kana kwamba nimetunga. Ushirika ulikuwa mkutano wa watu wa kanisa letu, uliofanyika nyumba kwa nyumba kila Jumamosi alasiri, leo kwa huyu, Jumamosi ijayo kwa yule. Tuliita zamu. Zamu ikikufikia unafagia, unaazima viti kwa majirani, unachemsha chai, na watu wanakuja kuimba na kuomba ndani ya chumba chako mpaka mabati yanatoa jasho. Karibu kila mtu alikuwa na chumba kimoja tu, kwa hiyo kila nyumba ilikuwa na pazia. Upande huu viti na meza, upande ule kitanda, jiko, sufuria na ndoo ya maji ya kunywa. Mtu akifika, kabla ya kuketi, anasema, "Wacha nikunywe maji kwanza." Anapita nyuma ya pazia. Anatoka akipangusa mdomo, hata kama hajagusa kikombe.

Wakishaondoka, ukienda nyuma ya pazia unakuta pakiti ya sukari juu ya kitanda. Unakuta unga, kipande cha sabuni, mafuta ya kupikia, nyanya zimefungwa kwa gazeti. Hujui nani ameacha nini, na huulizi. Humshukuru mtu, kwa sababu hakuna aliyekupa chochote. Watu walikuwa na kiu, basi.

Mama yangu alikuja Nairobi kutoka magharibi akiwa msichana, akawa anafua nguo za watu huko Kitisuru. Alikuwa akirudi jioni mikono imenyauka kwa sabuni, halafu anakaa kwenye stuli na kuwaza ushirika. Simaanishi maombi. Aliwaza ni nani ambaye mtoto wake amefukuzwa shule, ni nani aliyenunua mkaa kwa kikopo badala ya debe, ni nani aliyekuja kanisani na viatu vya jana vilivyolowa. Alijua. Wote walijua. Jumamosi ikifika, kila mmoja amebeba kile ambacho macho yake yameona kinakosekana, na ajabu ni kwamba mara chache sana walileta kitu kimoja watu wawili.

Upo mwaka ambao matajiri wa Kitisuru walihama na mama akakosa kazi. Tulikunywa uji bila sukari, halafu tukanywa maji moto tukayaita chai. Mama hakumwambia mtu. Zamu yetu ilipofika aliazima majani ya chai kwa jirani wa ukuta wa pili, mshonaji wa nguo kutoka Machakos, naye mtu wa ushirika, ambaye mimi nilimwita Aunti, akapika chai nyembamba ambayo ungeweza kusoma gazeti kupitia kwayo. Watu wakaja, wakaona kiu imewazidi mmoja baada ya mwingine. Tulipofungua pazia jioni ile, kitanda kilikuwa hakionekani. Mama alikaa chini sakafuni akacheka, halafu akalia, halafu akanituma kwa Aunti nirudishe majani. Nimekula katika mahoteli makubwa ya mjini tangu hapo, kwa gharama ya kampuni. Sijawahi kula chakula kitamu kama ugali wa usiku ule.

Miaka ikaenda. Nikasoma, nikapata kazi katikati ya jiji, nikahamia Muthangari. Sina mume wala mtoto, jambo ambalo ushirika uliliombea mpaka nadhani wakamwachia Mungu mwenyewe aamue. Mama alikataa kutoka Riruta kwa miaka yote hiyo. Kisha mwenye ploti akauza, mnunuzi akataka kujenga ghorofa, wapangaji wakapewa notisi. Wengine walipata vyumba jirani, mtaa huo huo. Mama nilimchukua mimi. Nilimwambia amefua nguo za watu vya kutosha, sasa aje akae, anyooshe miguu.

Alinyoosha. Alikaa kwenye roshani akitazama miti na magari, akasema ni pazuri. Siku ya kwanza nilimzungusha jikoni, nikafungua makabati moja baada ya jingine, nikafungua friji. Jiko lenyewe halina ukuta, ukiwa umekaa sebuleni unaona mpaka sinki. "Hapa hutakosa kitu, Mama," nilimwambia, na nilikuwa najivuna, sitaficha. Alitazama zile pakiti zilizopangwa, akagusa moja kwa kidole. "Ni kweli," akasema. "Hapa hakuna kitu inakosekana."

Jumapili nilimpeleka kanisani kwangu, upande wa Westlands. Ni kanisa zuri. Mwaka ule walikuwa wanafundisha uwakili, yaani jinsi Mkristo anavyopaswa kutunza alichopewa na Mungu na kukitoa. Mafundisho yalienda wiki nyingi, yakiwa na picha kwenye skrini kubwa, na mwisho wa kila ibada inatokea namba ya kutuma sadaka kwa simu. Nisiwadharau, walisomesha watoto wengi na kuchimbia watu visima. Lakini mama alikaa akitazama vichwa vya watu waliokuwa mbele yake, mmoja baada ya mwingine, kama mtu aliyepoteza mtoto sokoni. Tulipotoka aliniuliza, "Sasa hapa, nani anajua nani ako na njaa?"

"Kuna kamati, Mama."

"Kamati," akasema. Aliingia kwenye gari akafunga mkanda.

Kwa hiyo Jumamosi aliendelea kwenda ushirika wake Riruta. Asubuhi anachagua atakachobeba, anakifunga ndani ya leso, anaondoka mapema utadhani anaenda harusini. Akirudi anakuwa na sauti ya kuimba, iliyokwaruza, na ana habari. Nilikuwa nikitoka kazini nimechoka na watu wa ofisi, nakaa naye tunakunywa chai, ananisimulia. Nilifurahi kwa ajili yake, na kidogo, sijui niseme vipi, nilimwonea wivu.

Kisha zamu yake ikakaribia. Ikazuka hoja kwamba kwa vile amehama, na Muthangari ni mbali, arukwe. Alirudi siku hiyo amewaka moto. "Zamu ni ya mtu," alinifokea mimi, ambaye sikuwa nimesema lolote. "Si ya nyumba! Nyumba ilibomolewa. Mimi nilibomolewa?" Ni Aunti aliyemtetea, akawaambia watakuja, hata kwa miguu. Mama hakulala vizuri wiki ile. Nilielewa baadaye kwamba alikuwa anangoja jibu la swali ambalo hakuthubutu kuuliza kwa mdomo: kama bado ni mtu wao.

Mimi nikaamua kwamba siku hiyo watu wa Riruta watapokelewa. Hawa ndio walionilisha. Niliagiza sambusa, keki na mahamri, nikakodi viti vyenye vitambaa. Na kwa kuwa jua lilikuwa kali na walikuwa wanatoka mbali, nilinunua maji ya chupa, nikayaweka kwenye friji tangu jana yake, yakawa baridi kabisa.

Walikuja wamevaa nguo za Jumapili. Soja wa geti aliwaandikisha mmoja mmoja na kuchukua vitambulisho vyao, wakapanda lifti kwa mafungu wakishikana mikono. Mlangoni wakavua viatu bila kuambiwa. Niliwasihi wavae, wakakataa, wakakanyaga sakafu ile kwa soksi. Kila mmoja alikuwa na mfuko au kikapu, na nilipotaka kuwapokea mizigo wakasema haina shida, wakaiweka chini kati ya miguu. Mama aliwasalimia kwa kuwakumbatia, akawakalisha, macho yake yakimeta.

Aunti ndiye aliyefika mwisho kwa sababu magoti yanamsumbua. Aliweka mkono kiunoni akatazama huku na huku sebuleni, akatazama jiko lile lisilo na ukuta, akatazama watu wote walioketi wakilielekea. "Wacha nikunywe maji kwanza," akasema. Nami, mwenyeji mwema, tayari nilikuwa mbele yake na chupa. Nilimfungulia hata kifuniko. Nikapita kwa wote, kila mtu chupa yake mkononi, baridi. Walisema asante. Nilipogeuka nilimwona Aunti bado amesimama na ile chupa, kama mtu aliyepewa mtoto wa wenyewe.

Waliimba, lakini kwa sauti ya chini, wakiogopa majirani wa juu. Waliomba vizuri. Walikula sambusa moja moja na kusema wameshiba. Wakasifu nyumba, wakasifu roshani, mmoja akasema Mungu amemwinua mama, hapa hakuna kitu inakosekana, na wengine wakaitikia amina. Mama akatabasamu. Kabla jua halijalegea waliondoka na mifuko yao, wakateremka kwa lifti kama walivyopanda.

Mlango ulipofungwa tu, mama alienda jikoni. Nilidhani anaosha vyombo. Nilimkuta anafungua makabati, moja baada ya jingine, halafu friji, halafu akainama akaangalia chini ya sinki. Alienda chumbani kwake akaangalia juu ya kitanda. Akainua mto. Aliporudi sebuleni alionekana mzee kwa namna ambayo sikuwahi kumwona.

"Hawakuacha kitu," akasema.

"Mama, wangeacha nini? Kila kitu kipo."

"Wamenitoa," akasema. "Nimetoka kwa ushirika."

Nikapandwa na hasira. Nilisema maneno. Nilisema mkono mtupu haulambwi, lakini watu hawa wamelamba wetu na kutuachia sahani. Nilisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, na kama moyo wenyewe ndio huo basi wabaki nao Riruta. Mama aliniacha nimalize. Alikusanya chupa zile za maji zilizobaki nusu, akayamwagia maua ya roshani. Usiku hakula.

Kesho yake tukitoka kwenda kanisani, soja wa geti alisimamisha gari letu. Alikuwa anacheka mpaka jino la mwisho.

"Madam, niaje. Shosho, shikamoo. Hao wageni wenu wa jana, muwaambie asante sana."

"Asante ya nini?" nikauliza.

"Si wametuwachia vitu! Unga, sukari, mafuta, mpaka sabuni ya kipande. Kila mtu akitoka anatoa kwa mfuko anaweka hapa kwa kibanda. Nikawauliza hii ni ya nani, wakasema haiwezi rudi nyumbani, ilitoka ikienda kwa mtu. Tumegawana na wenzangu. Mungu awabariki."

Mama alishika mlango wa gari. Aliniambia nigeuze, turudi nyumbani. Tulipofika alimpigia Aunti simu, akaiweka kwa sauti kubwa kwa sababu masikio yake si mazuri, na mimi nikasimama pale pale nikisikiliza.

"Mlikuja na vitu," mama akasema.

"Sasa tungekuja aje? Mikono mitupu?"

"Na kwa nini hamkuniachia? Dada, mimi nilitafuta mpaka chini ya mto!"

 Tulisikia Aunti akiweka kikombe chini. "Tungeacha wapi?" akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeumia pia. "Nilizunguka na macho, nikakosa. Ningeweka sukari yangu kwa ile meza ya kung'aa, watu wote wakiniona? Mtoto akanipea maji kwa mkono. Dada yangu, kwako ni kuzuri, lakini kwako hakuna mahali ya kuweka kitu."

Mama alicheka kwanza. Alicheka kwa furaha, mkono kifuani, kwa sababu swali lake lilikuwa limejibiwa: walikuja kwake kama wanavyokwenda kwa mtu wao. Halafu kicheko kikaisha akabaki ameshika simu iliyokatika, akilitazama lile jiko langu. Nikajua ya kwamba jibu hilo lina nusu ya pili, na nusu hiyo ni yangu.

Baada ya siku chache aliniambia amepata chumba Riruta, mlango wa pili kutoka kwa Aunti, na anahama mwisho wa mwezi. Niligomba. Niliuliza watu watasema nini, kwamba nimemfukuza mama yangu? Nikasema juu ya magoti yake, presha yake, vyoo vya nje. Alikunja nguo zake akinisikiliza. Mwisho nikasema, kama mtoto, "Nitaweka pazia jikoni. Nitaweka hata kesho."

"Pazia ya nini, mama?" Ananiita mama, kwa sababu nina jina la mama yake. "Ukiweka, watu watajua tu nyuma yake kuna friji imejaa." Akanivuta nikakaa naye kitandani. "Wewe umenitunza. Kila mtu anajua umenitunza. Lakini mimi nataka kukaa mahali mtu anaweza kuniletea kitu."

 Nilimpeleka mwenyewe, nikabeba kitanda chake mwenyewe na fundi mmoja.

Nyumba yangu ikawa kubwa. Nilikuwa nimezoea kurudi nikakuta chai, na ile sauti yake iliyokwaruza. Sasa nafungua mlango, nawasha taa, kila kitu kiko mahali nilipokiacha asubuhi. Nanunua pakiti ya sukari na inakaa mpaka inakuwa jiwe. Kanisani kwangu Westlands ninatoa kwa simu, na baada ya sekunde kadhaa inanijia arafa ya kunishukuru. Nimekaa katika jengo hili muda mrefu na hakuna jirani aliyewahi kuniomba hata chumvi. Zamani niliona hiyo ndiyo heshima. Siku moja nilipatwa na homa nikalala nyumbani wiki nzima, na mtu pekee aliyebisha hodi alikuwa anatafuta mlango wa mtu mwingine. Nililala pale nikatamani, nikatamani kabisa, mtu mmoja tu ambaye angenitazama usoni na kujua nimepungukiwa na nini. Natamani hadi leo.

Ndipo zamu ya mama ikafika tena, ya kwanza katika chumba chake kipya. Sikungoja kualikwa. Niliomba ruhusa kazini, nikavaa nguo ya kawaida, nikaliacha gari mbali ili nisije nalo mlangoni. Nilichobeba kilikuwa kidogo, kilitosha mkoba. Nilisema nina kiu, na nilipita nyuma ya pazia, nikatoka nikipangusa mdomo, wala hakuna aliyeinua macho. Jinsi nilivyofurahi! Nikajibana kwenye benchi kati ya Aunti na mwanamke mwingine mnene aliyeniongezea nafasi kwa kunisukuma na paja. Tukaimba. Tuliimba kwa sauti zote tulizokuwa nazo, na mabati yakaanza kutoa jasho, na jasho likanidondokea shingoni, nikafumba macho nikasema ndani yangu, nimefika nyumbani.

Aliyeongoza siku hiyo alikuwa mwanamume kijana, fundi wa umeme, aliyejiunga na ushirika miaka ambayo sikuwepo. Wimbo ulipoisha alipangusa uso kwa leso, akatazama watu, akatabasamu vizuri sana akinielekea.

"Bwana asifiwe," akasema. "Naona leo tuko na mgeni. Mgeni wetu asimame atusalimie."

Aunti alinigeukia akafungua mdomo, halafu akaufunga. Nikamtazama mama. Alikuwa ameketi kwenye stuli karibu na mlango, mahali pa mwenye zamu. Niliamini atasema, huyu si mgeni, huyu ni mtoto wetu, alikulia humu ndani. Aliniangalia kwa upendo wote alio nao, na upendo huo sina shaka nao hata leo, kisha akaniinulia mkono taratibu, kama mtu anavyomtia moyo mwenye haya: simama, mama, usiogope.

Nikasimama. Nikataja jina langu, nikasema natoka Muthangari. Wakanipigia makofi ya kunikaribisha, makofi mazuri ya pamoja, na mama akapiga nao, mbele ya wote, kwa fahari ya mwenyeji aliyepata mgeni.